Kigoda cha Mke wa Manju

Wivu haupigi hodi. Ulimkuta Kabula amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, nje ya banda la video la Manyanda pale Makanyagio, anageuza mahindi yake, hana hili wala lile. Mara akasikia sauti ya mume wake ikitoka ndani, inapenya kwenye matundu ya ukuta:

"Mwanamke wewe! Wanawake wamejaa dunia nzima, lakini nikiona unavyofunga kanga yako kwa hasira, na mdomo umeuvuta namna hiyo, mimi roho yangu inakwisha kabisa!"

Ndani watu wakashangilia. Nje, Kabula akaliacha hindi likaungua.

Msimcheke kwanza. Mngemjua huyo mume mngeungua na nyie. Ngolo alikuwa fundi baiskeli, na nyumbani alikuwa hana maneno. Chakula kikiwa kitamu, kimya. Kikiwa kibaya, atasema "chumvi", basi, hotuba imekwisha. Ukimletea habari ya msiba anatikisa kichwa, ukimletea ya harusi anatikisa kichwa kile kile. Kabula alimzalia mtoto, Gaudensi, akamlimia shamba, akamwosha alipougua homa, na siku zote alijisemea kwamba wanaume wengine wa Kisukuma ndivyo walivyo, maneno yao yote waliyamalizia kwa ng'ombe walipokuwa wadogo. Akazoea. Kimya kinazoeleka kama ni kimya kwa kila mtu. Sasa kumbe maneno yapo! Yapo tele kama pumba za mashineni, ila anakwenda kuyamwaga huko, mbele za watu, kwa mwanamke mwingine!

Ni kweli huyo mwanamke alikuwa wa kwenye televisheni. Kabula hakuwa mjinga, alilijua hilo. Lakini subirini.

Manyanda, mwenye banda, aliuza sehemu ya ng'ombe wake akanunua jenereta, deki mbili na televisheni mbili, akaingia kwenye ghala la zamani la tumbaku, akaziba madirisha kwa magunia. Kanda zake alizipata Kapalamsenga, zilishuka na boti kutoka ng'ambo ya ziwa, na alizipata kwa bei ya kutupa kwa sababu moja tu: zote zilikuwa za Kifaransa. Nani Mpanda nzima anataka sinema ya Kifaransa? Ikabidi atafutwe mtu wa kusimama kando ya televisheni, sauti izimwe nusu, awaambie watu nani kasema nini. Ngolo, yule yule asiyesema, akanyoosha mkono.

"Nilibeba mizigo Kalemie, kule Kongo, miaka ile," alisema. "Kifaransa nakijua."

Watu wakashangaa. Kabula akashangaa zaidi yao, ila hakuonyesha. Kesho yake kisimani alitembea kwa maringo na ndoo yake. Mume wangu anajua Kifaransa. Aliyasema hayo mpaka wenzake wakaanza kuchota maji saa nyingine.

Ikafika mwezi wa tatu. Manyanda akasikia redioni kwamba huko Marekani huu ndio msimu wa tuzo, waigizaji wanavaa suti, wanapewa sanamu, wanalia. Akapiga paja. "Hata sisi!" akasema. "Kwani sisi hatuna macho ya kujua filamu nzuri?" Akatangaza Wiki ya Tuzo. Filamu bora za mwaka mzima zitarudiwa, kila siku alasiri, na kiingilio si hela: ni hindi bichi moja, lisiwe na funza, na uje na kigoda chako. Msimu wa mahindi, jamani, nani atakosa hindi? Wakaja wazee ambao hawakuwahi kuliona banda kwa ndani. Wakaja akina mama na watoto mgongoni, kila mmoja na hindi mkononi na kigoda kichwani, utadhani wanakwenda kuposa. Mahindi yote akapewa Kabula ayachome pale mlangoni, ayauze kwa wale wale walioyaleta, na Manyanda apate chake na yeye chake. Kwa hiyo watu waliangalia filamu kwa hindi lao, kisha wakatoka wakalinunua tena likiwa limechomwa. Manyanda hakuwa mtu wa mchezo.

Basi Kabula akawa nje na jiko, mume ndani na maneno.

Jirani yake Scola ndiye aliyeleta kuni kwenye huo moto. Scola alikuwa anaingia kila siku, na kila siku anatoka na la kusema.

"Mama Gaudensi," alisema siku ya pili, amelishika hindi lake hajaling'ata bado. "Yule mwanamke wa Katumba anayekaa mbele unamjua?"

"Yupi?"

"Libérate. Yule Mrundi mrefu, mjane. Kigoda chake kipo mbele kabisa, karibu na mguu wa mumeo. Na halafu, mwenzangu, yule haleti hindi."

"Haleti hindi?"

"Anaingia bure. Nimemwona kwa macho yangu. Manyanda anamwambia pita mama, na yeye anapita. Sisi wengine tunakaguliwa mpaka maganda." Scola akalitazama hindi lake. "Mimi sisemi kitu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Kabula akacheka, maana ulikuwa utani na angefanya nini tena? Akacheka na kiganja mdomoni, kama kawaida yake. Alikuwa na mwanya mpana, na shangazi yake mmoja alishamwambia zamani kwamba mwanamke wa mwanya ni mropokaji, basi tangu usichana hakuwahi kucheka bila kuuziba. Lakini Scola alipoondoka kicheko kikaenda naye. Kabula akasimama, akapangusa mikono, akazunguka nyuma ya ghala kwenye dirisha ambalo gunia lake lilikuwa na tundu.

Akachungulia.

Kwenye televisheni kulikuwa na mzungu amepiga magoti mbele ya mwanamke aliyevaa gauni refu. Na kando ya televisheni alikuwa Ngolo. Na chini yake alikuwa Libérate, amekaa wima, shingo ndefu, nguo safi. Ngolo akainama. Akainama, jamani, mpaka sikio lake likafika kwenye mdomo wa yule mwanamke! Libérate akauziba mdomo wake kwa kiganja, kama mtu anayeona haya, akanong'ona kitu. Ngolo akatikisa kichwa, akainuka, uso unawaka, akawageukia watu.

"Unacheka unaficha mwanya wako kwa kiganja!" akasema kwa sauti ambayo Kabula hakuwahi kuisikia ikimwambia hata alete maji. "Nani aliyekwambia mwanya ni aibu? Mungu aliacha mlango hapo ili sisi wengine tuone mwanga ndani, na wewe unaufunga!"

Ghala likalipuka kwa vigelegele. Kabula alikuwa haoni televisheni tena. Alikuwa anakiona kiganja cha Libérate, kimeufunika mdomo. Basi ndiyo huyo. Huyo ndiye mwenye mwanya. Huyo anayeingia bure, anayenong'oneza, anayeambiwa mbele ya umati kwamba ana mwanga ndani. Mwanya wake mwenyewe Kabula hakuukumbuka hata kidogo, mtu huwa haoni meno yake.

Wivu wa mwanamke aliyepigwa ni mmoja, na wa aliyenyamaziwa ni mwingine. Aliyepigwa anajua alichokosa. Kabula alirudi kwenye jiko anajiuliza amekosa nini. Sura? Urefu? Kifaransa? Na ndiyo, kilikuwa hicho! Wawili hao wanaelewana kwa lugha ambayo yeye hana, wanazungumza mambo yao mchana kweupe, na yeye anawachomea mahindi.

Nyumbani akajaribu. Hakuna asiyejaribu. Aliweka ugali na mlenda mbele ya Ngolo, kisha akasimama pale pale mbele yake, akaifungua kanga yake, akaifunga upya kwa nguvu, kwa hasira ya kweli, na mdomo ameuvuta. Ngolo akainua macho. Akamwangalia. Akamwangalia kwa muda, tonge liko mkononi, na kwa kidogo tu ilionekana kama kuna kitu kinamjia kooni.

"Chumvi imekolea leo," akasema, akainama kula.

"Ndicho ulichonacho?"

"Ni nzuri."

Kabula alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa hasira mpaka kuku wakasogea mbali.

Kila siku ya ile wiki alisikia mengine. Kwenye maneno ya Ngolo mpenzi wa kizungu alikuwa amevaa kanga, anatwanga, anatembea bega moja limeshuka kwa sababu ya ndoo. "Ulinifulia shati nikiwa na homa, ukadhani sikukuona!" alisema Ngolo siku moja, na wanawake mle ndani wakalia. Kabula naye alisikia, na mnajua alifikiri nini? Alifikiri: amemfulia na shati! Lini? Wapi? Shati gani? Akaenda nyumbani akayanusa mashati yote. Mtu mwenye wivu ukimpa ukweli mkononi ataugeuza kuwa kisu. Msishangae, hata wewe unayecheka ungeyanusa.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya tuzo. Manyanda alikuwa ameeleza utaratibu tangu mwanzo, amesimama juu ya debe.

"Kwetu mashindano ya ngoma hayana majaji," alisema. "Ngoma mbili zinaingia uwanja mmoja, kila moja na manju wake anayeiongoza, zinapigwa kwa pamoja, na watu wanakwenda kule kulikonoga. Atakayebaki na uwanja mtupu ameshindwa. Na hapa ni hivyo hivyo. Televisheni mbili, moja kila mwisho wa ghala. Ngolo huku na filamu yake ya mapenzi. Telesfori kule na ya ngumi. Wewe na kigoda chako, panapokunogea unahamia."

Telesfori alikuwa fundi viatu, Mfipa mwenye sauti kama tarumbeta. Hakuwahi kudai anajua Kifaransa. Filamu zake zilikuwa za ngumi, na ngumi hazina lugha. Mshindi angepewa mtamba, ng'ombe jike mwekundu aliyefungwa pale nje akitafuna maganda ya mahindi, na ndiye angekuwa msemaji wa banda mwaka mzima. Ngolo alikuwa anamtaka yule mtamba. Kila asubuhi ya wiki ile alipita kumwangalia, akamkuna shingo. Kabula alimwona akifanya hivyo na akajisemea, hata ng'ombe anapata mkono.

Kisha jioni ya Jumamosi Manyanda akasema jambo la mwisho, na hili lilisemwa kwa Wasukuma waliokuwepo lakini wote walilisikia. "Mke wa manju anakaa upande wa mumewe. Hilo mnalijua. Mke wa manju akiinua kigoda chake, ngoma imekufa. Kama hata wa nyumbani kwake amehama, mgeni anangoja nini?" Watu wakacheka. Manyanda akamgeukia Kabula. "Mayu, mama yangu, Jumapili achana na jiko, uingie ndani ukae mbele."

Kabula alilijua hilo tangu mtoto. Nyumbani kwao aliwahi kuona uwanja mzima ukihama kwa sababu mwanamke mmoja alivuka na kigoda chake. Lilimkaa kichwani usiku kucha.

Jumapili akavaa gauni lake la Pasaka. Akabeba kigoda chake cha miguu mitatu, akaingia. Watu wakampisha, mke wa manju huyo, karibu mama, mbele kabisa. Akakaa. Na hatua mbili tu kutoka kwake, karibu na mguu wa Ngolo, akaja kukaa Libérate. Akamsalimu kwa adabu.

"Habari ya nyumbani, Mama Gaudensi."

Kabula hakuitikia. Ghala zima liliona kwamba hakuitikia.

Ngoma ikaanza. Upande wa kule Telesfori alikuwa anapiga kelele, "Mpe! Mpe! Amempa! Yesu na Maria, amempa tena!" Upande wa huku Ngolo alianza taratibu, na watu wengi walikuwa huku, niwaambie ukweli, maana wiki nzima walikuwa wameyaonja. Mzungu wa kwenye televisheni alikuwa anamfuata yule mwanamke kwenye stesheni ya treni. Yule mwanamke akasema kitu. Ngolo akainama. Libérate akaweka kiganja mdomoni, akanong'ona, na safari hii Kabula alikuwa karibu kiasi cha kuona pumzi yake ikilitikisa sikio la mume wake.

Ngolo akainuka. Akawatazama watu, na macho yake yakapita juu ya Kabula kwa haraka, yakakimbia, kama macho ya mwizi. Ndivyo Kabula alivyoyaona.

"Usiondoke!" akasema Ngolo. "Mimi ni mtu niliyeumbwa bila mdomo. Nikiwa na wewe maneno yananikimbia, nabaki na kutikisa kichwa kama mjusi. Lakini ule mwanya wako, siku nikiuona umefunguka, bila kiganja, nitasema yote. Nitasema mpaka kuche..."

Kabula akasimama.

Hakupiga kelele. Alikiinua kigoda chake, akakiweka begani, akaupa mgongo upande wa Ngolo, akaanza kutembea. Ghala lilikuwa refu. Alitembea katikati ya watu, na kila alipopita watu walimgeukia. Akafika kwa Telesfori, akakiweka kigoda chake chini, mstari wa mbele, kwa kishindo, akakaa akiangalia ngumi.

Kisha akainuka mzee mmoja wa Kisukuma, akachukua kigoda chake bila kumtazama mtu. Kisha akina mama. Kisha vijana. Kisha Scola! Vigoda vikawa vinapita juu ya vichwa kama mchwa wanahama. Ngolo akasema neno moja zaidi, nusu yake, likamfia mdomoni. Telesfori alipoona watu wanamjia wote akapandwa na wazimu, akawa anapiga ngumi hewani pamoja na waigizaji. Pale kwa Ngolo akabaki mwanamke mmoja amekaa peke yake kwenye kigoda chake.

Manyanda akazima deki zote mbili. "Uwanja umesema," alisema, lakini hakusema kwa furaha. Kamba ya mtamba akaitia mkononi mwa Telesfori.

Ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini Kabula moyo ulikuwa haujashiba. Yule mwanamke bado alikuwa amekaa pale, karibu na mume wake, peke yao wawili, utadhani ndio maharusi! Akavuka tena ghala, mikono mitupu sasa.

"Inuka!" akasema. "Inuka useme mbele ya watu! Wiki nzima unamnong'oneza nini mume wangu?"

Libérate akainuka. Alikuwa mrefu kweli. Hakumjibu Kabula, alimwangalia Ngolo kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Ngolo alikuwa anaangalia chini.

"Usimwangalie yeye, niangalie mimi! Unaingia bure, unakaa miguuni pake, unamtia mdomo sikioni. Unamwambia nini?"

"Mama Gaudensi, tuyaongee nje, dada yangu."

"Hapa hapa! Au unaona haya?"

Mwanamke yeyote ana jina lake la kulinda, na Libérate alikuwa mjane, mgeni, mtu wa kwaya kanisani kwao Katumba. Akamwangalia Ngolo mara ya mwisho. Ngolo hakuinua uso.

"Namtafsiria," akasema Libérate. "Mimi nilisoma kwa masista kule kwetu. Mume wako hajui Kifaransa. Hajui hata neno. Aliniomba nimsaidie na nisimwambie mtu, na mzee Manyanda akaniacha nione sinema bila hindi. Ndiyo hayo tu. Mimi nampa maneno ya kwenye filamu, mengine siyajui."

Watu walianza kucheka kidogo kidogo, kisha ghala zima. "Kalemie!" akapiga kelele mmoja. "Kifaransa cha kubeba mizigo!" Wanawake wa kisimani ndio waliocheka zaidi, na walikuwa na haki yao. Ngolo akaokota kofia yake, akapita katikati yao akatoka.

Kabula hakusikia kicheko. Alikuwa anamwangalia Libérate mdomoni. Alipokuwa anasema, mdomo wake ulikuwa wazi, hakuna kiganja, na meno yake yalikuwa yamebanana vizuri, meupe, kama punje kwenye gunzi. Hapakuwa na mwanya. Hapakuwa na nafasi ya kupita hata uzi.

"Mbona huna mwanya?" akauliza Kabula, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mwanya?" Libérate akashangaa. Kisha akamtazama Kabula, na polepole macho yake yakashuka kwenye mdomo wa Kabula, yakabaki hapo. "Mungu wangu," akasema. "Kwani wewe ulikuwa hujui?"

Waswahili wanasema hasira hasara, na watu tunaisema hivi hivi tu, kama salamu. Kabula aliijua maana yake wiki iliyofuata. Manyanda, mtu wa biashara, alimpa Telesfori kazi ya msemaji, akamweka Libérate kando yake kwenye kiti, wazi wazi sasa, na akairudisha ile filamu ya mapenzi kwa sababu wengi hawakuuona mwisho wake. Kabula akaenda. Alilipa hindi lake kama watu wengine, akakaa nyuma. Ikafika pale pale, kwenye stesheni ya treni, mzungu anamfuata mwanamke. Libérate akasema maneno yake kwa sauti ya kawaida. Telesfori akawageukia watu.

"Anasema, nakupenda, usiondoke," akasema Telesfori. "Na huyu anasema, treni inaondoka."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwemo. Hapakuwa na kanga. Hapakuwa na ndoo, wala shati la mgonjwa, wala mtu aliyeumbwa bila mdomo. Watu wakaanza kupiga miayo, mmoja akadai ngumi. Kabula aliuangalia uso wa yule mwanamke wa kizungu, mweupe, mzuri, asiyejua lolote. Yeye alikuwa ameambiwa yote. Alikuwa amesimama pale na gauni lake refu, akipokea kila neno lililokuwa la Kabula, wiki nzima, na Kabula nje anachoma mahindi. Akamwonea wivu. Ndiyo, hata sasa, hata baada ya kujua, alimwonea wivu mpaka machozi yakamtoka. Hakungoja mwisho.

Ngolo alikuwa nje ya nyumba, amepindua baiskeli ya mtu, ananyoosha rimu. Tangu Jumapili ile alikuwa hata "chumvi" haisemi. Watoto wakipita njiani walimsalimia kwa Kifaransa cha kubuni, naye alikuwa anatikisa kichwa. Kabula akaingia ndani, akatoka na kigoda chake. Akakiweka mbele ya mumewe, karibu kabisa na mguu wake, pale anapokaa mtu wa mstari wa kwanza. Akakaa.

Ngolo akazungusha tairi. Likazunguka, likasimama.

"Baba Gaudensi," akasema Kabula. "Yule mwanamke mwenye mwanya. Ile siku sikufika mwisho. Alifanya nini?"

Ngolo alichukua spana, akaitazama, akairudisha chini.

"Alibeba kigoda chake," akasema. "Akahama."

Kabula akatoa kicheko, au kilio, yeye mwenyewe hakujua ni kipi. Kiganja kikaanza kupanda kuelekea mdomoni, kwa mazoea. Akakishika kwa mkono wa pili, akakirudisha pajani, akakikalisha hapo. Akamwangalia mume wake na mwanya wake wote ukiwa wazi, mchana kweupe, akangoja aseme.

Ngolo akauangalia. Akafungua mdomo. Kabula aliona kitu kinapanda kooni, kikafika, kikakwama pale pale kinapokwamaga siku zote. Ngolo akatikisa kichwa, akainamia rimu yake.

Kabula hakuinuka. Alikaa pale kwenye kigoda chake, mkono mmoja umeushika mwingine, anamngoja.